Kasiksi ya Kuhesabu Vidole

Kasiksi yangu ilirudi kwetu Kadutu siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa kumi na moja ya jioni. Bidoni moja, dumu la plastiki, ilikuwa kwa bega ya shemeji yangu Emile, ingine kwa bega ya mujukuu wangu Gracien. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mulango na kitambaa kipya kichwani, ninangoja wanaume warudi wakiimba. Nikawaona wanapanda mulima kimya kama watu wanatoka hospitali. Nikainua kifuniko. Bidoni zilikuwa zimejaa vile zilitoka asubuhi, kasoro gilasi moja.

Kwa wewe usiyejua kasiksi, na pole sana, ni pombe yetu ya ndizi: ndizi mbivu, majani ya kukamulia, maji, mutama wa kukaanga, na mikono ya mutu anayejua anachofanya. Hapa Bushi, inchi yetu, huwezi kuomba binti wa mutu bila kasiksi. Ng'ombe wanaweza kungoja, kasiksi haingoji. Na mimi nimeipika miaka makumi ine. Nimeona watu wanaigombania, wanaanguka nayo, wanaiiba. Mutu anairudisha, hiyo nilikuwa sijaiona.

"Balimukataa mutoto?" nikauliza.

"Mutoto hapana," Emile akasema, akiweka bidoni chini. "Balikataa kinywaji."

"Nani alikataa?"

"Papa Anaclet. Anasema haiko safi."

Huyo Anaclet ndiye baba wa Tatiana, binti ambaye Gracien anataka kuoa. Anakaa Bagira, mutaa mwingine. Alifanya kazi kwa kiwanda cha bia miaka makumi mbili na saba, na usidanganyike, si kazi ya kupika bia. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya taa nyeupe, chupa zinapita, yeye anaangalia. Akiona nzi ndani ya chupa, anaitoa. Akiona kipande cha sigara, anaitoa. Miaka makumi mbili na saba ya kutafuta nzi. Leo yuko pensheni na bado anatafuta. Wanasema chai yake anaipeleka kwa dirisha kwanza, na padri akipita na maji ya baraka, yeye anakunja uso.

Gracien akanieleza vile ilipita. Emile alionja kwanza mbele yao, vile inatakiwa, kwa sababu hapa kwetu mutu hanywi kitu ambacho aliyekileta hajakinywa. Kisha Anaclet akatoa gilasi nyeupe, ya kuona ndani, kwa kabati, akajaza, akaomba taa. Akaweka mukono wake nyuma ya gilasi.

"Nimeweka vidole tano," akasema. "Ninaona moja na nusu."

Watu wakacheka kidogo, wakifikiri ni masihara. Haikuwa masihara. Akasema kuna kitu kinaogelea mule ndani, akafunga bidoni yeye mwenyewe, akawapa wiki tatu.

"Koko," Gracien akaniambia, maana kwetu nyanya ni koko, "alisema ya pili ikirudi, hakuna ya tatu."

Hiyo hakuitunga Anaclet, ni desturi. Pombe ya kuomba binti ikirudi mara mbili, wazee wa pande zote wanashikana mikono, wanashukuriana vizuri sana, na kila mutu anarudi kwake na mutoto wake.

Sasa nitakuambia kitu ambacho nyumbani sikumwambia mutu. Anaclet alisema kweli. Zile ndizi zilikuwa za Kamanyola. Kule ni joto, na camion, ile lori ya kuzibeba, inazichemsha njiani, zinafika Bukavu zimekuwa njano kwa nje na ngumu kwa ndani. Ningepaswa kuziacha ndani ya shimo la kuivisha siku tano. Niliziacha mbili, kwa sababu kulikuwa kilio kwa jirani na mimi sikosi kilio chenye chakula. Ndizi ikibaki na unga ndani, ule unga unaingia kwa kasiksi na hautoki hata uupigie magoti. Nililijua hilo siku ileile nilipoichuja. Nikafikiri: wanaume hawaangalii, wanameza. Nani angejua nitapata mutafuta-nzi?

Lakini mbele ya watu nikasema ni kosa la mvua.

Gracien akakaa karibu na mimi kwa jiwe. Anafundisha hesabu kwa sekondari, ni mutu mwenye kupima maneno.

"Koko, nisipomuoa Tatiana sitaoa."

"Hata babu yako alisema hivyo juu ya mwanamuke mwingine," nikamwambia. "Kisha akanioa mimi."

Hakucheka. Aliokota kijiti, akaandika makumi mbili na moja kwa udongo, zile siku tulizopewa. Hapo ndipo nikakasirika kabisa: na Anaclet, na ndizi za Kamanyola, na mimi mwenyewe pia, lakini mimi nikajiweka wa mwisho kwa mustari.

Kesho yake, siku ya Mungu, mama wa Gracien akaanza na telefone yake. Anaitwa Martine. Ni mujane wa mutoto wangu, tunakaa pamoja, ni mutu mwema na anachosha. Kila kitu anauliza telefone. Akiumwa kichwa anauliza telefone, telefone ikimwambia atakufa, ananiletea mimi nimusomee sala.

"Maman, hapa banasema pombe inasafishwa na gelatine," akaniambia. "Unachemsha kidogo, unamwaga ndani, uchafu yote inashuka chini."

"Nani anasema?"

"Mutu moja wa Ulaya. Iko na ndevu."

"Amewahi kupika kasiksi?"

"Anapika bia kwake kwa garage."

Nikamwambia afanye vile anataka na ile iliyorudi, maana ile ilikuwa imekwisha kutuaibisha, haingeweza kufanya zaidi. Kumbe ingeweza. Martine alinunua ule unga kwa watu wa gato, wale wa keki, akaweka pakiti tatu kwa sababu muzungu wa ndevu alisema kidogo na yeye hajui kidogo ni nini. Asubuhi tukafunua sufuria. Kasiksi ilikuwa imesimama. Sisemi ilitulia. Ilisimama. Ukiinamisha sufuria, inakuja yote pamoja kama mutu munene anageuka kwa kitanda. Na uchafu haukushuka hata kidogo, ulibaki katikati, umeshikwa pale kama wadudu ndani ya utomvu. Emile alikula sahani mbili akasema inaenda vizuri na mukate. Emile ni mutu ambaye hajawahi kurudisha kitu.

Martine alitaka kujaribu na ute wa mayai. Nikamwambia mayai ni ya kula. Nikachukua kazi mukononi.

Nilienda mwenyewe kwa soko ya Kadutu, nikachagua ndizi za Kabare, kijani kabisa, ngumu kama kichwa cha Anaclet. Nikazitia ndani ya shimo na makoka, majani makavu ya ndizi, nikafunika na udongo. Siku tano. Martine alikuja kila siku kuniuliza kama hazijaiva, na kila siku nikamwambia akaulize mwenye ndevu. Siku ya tano nikachukua moja, nikaibonyeza na kidole gumba. Kidole kiliingia bila kubisha hodi. Hapo sasa.

Kukamua ndiko watu wanaharibu. Unaponda ndizi na majani, maji yake yanatoka yenyewe, matamu, mepesi. Kisha yanapungua, na mutu mwenye choyo anaanza kukaba, anakunja yale majani kama anafua jeans, anataka tone la mwisho. Hilo tone la mwisho ndilo linaleta ukungu wa kuficha vidole. Ndizi ni kama mukwe, kuna mahali unasimama. Nikasimama mapema. Martine akaangalia yale majani bado yanalowa, karibu alie.

"Maman, unatupa."

"Ninatupa. Wewe unataka harusi ao unataka maji ya ndizi?"

Mutama nao nikaukaanga mpaka ukanuka kama kahawa, nikausaga kwa jiwe, vipande vipande. Mara ya kwanza Martine alikuwa ameupeleka kwa mashine, ukarudi poda ya kupaka mutoto. Poda haizami. Nikaumwaga ndani ya maji ya ndizi, nikafunika kila kitu na mablanketi na nikaiacha siku tatu badala ya mbili, juu nilitaka ile sukari yote iishe. Kasiksi yenye sukari inalala juu ya ulimi na haiondoki, kama mugeni. Nzuri inauma, kisha inaenda zake.

Nikaichuja ndani ya bidoni mbili. Bado ilikuwa na ukungu, na hiyo ni kawaida. Kinachobaki ni kungoja, na kwetu kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nyuma ya nyumba tulichimba, tukaweka muchanga, tukamwaga maji, tukazika zile bidoni mpaka shingoni ili zipoe. Kasiksi ikipoa na ikiachwa, inajisafisha yenyewe. Kila kitu kizito kinashuka. Lakini haitaki kutikiswa. Nikawakusanya nyumbani, nikawaambia: siku ine hapa hakuna kucheza, hakuna kuburuta meza, hakuna kupiga mulango, hakuna kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"Siku ine bila sombe?" Martine akauliza.

"Kuleni maharagi."

Unajua vile Kadutu iko. Nyumba zimekaa moja juu ya kichwa cha ingine. Siku ya pili, saa sita, niko nimeweka mukono juu ya bidoni kuona kama imepoa, nikasikia udongo unapiga. Du. Du. Du. Nikafikiri ni moyo wangu, nikaanza Salamu Maria. Kisha nikasikia na harufu ya majani mabichi. Nikapanda ngazi za udongo mpaka kwa jirani yetu Ariane, ambaye nyumba yake imekaa juu ya yetu kama kofia. Nikamukuta Martine na muchi mukononi, anatwanga sombe, jasho linatiririka, juu kabisa ya bidoni zangu.

"Si ulisema nisitwange kwetu?" akaniambia.

Nilichukua ule muchi nikashuka nao, nikalala nao siku tatu.

Tulipoteza siku mbili. Nikaongeza siku mbili. Ikabaki Alhamisi na Ijumaa kabla ya posho ya Anaclet. Ile Alhamisi nilienda misa ya asubuhi. Niliomba Mungu jambo dogo tu, kwamba wakati siko nyumbani mutu asinisaidie. Nikarudi, nikamukuta Gracien amepiga magoti kwa muchanga, anacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki tatu.

"Koko, angalia."

Alikuwa amevuta kasiksi ya bidoni ya kwanza na mupira wa bomba, kutoka juu, polepole, bila kugusa chini. Wazo lilikuwa zuri. Alinyanyua gilasi kwa jua, na kweli kasiksi ilikuwa safi, rangi ya asali, ungehesabu vidole na kucha zake. Nikaileta kwa pua.

"Huu mupira uliutoa wapi?"

"Kwa Guy."

Guy ni kadafi wetu. Anauza petroli kwa chupa pale kwa kona, na kila asubuhi anaivuta kutoka kwa fûti, pipa lake, na ule mupira.

"Niliuosha, Koko."

"Na nini?"

"Na maji."

"Wewe unafundisha hesabu, sivyo?"

"Ndiyo, Koko."

"Mungu asifiwe si kemia."

Alionja, akatema. Akakaa chini pale kwa muchanga, mutu wa miaka makumi tatu, na shati ya kazi. Kasiksi ilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kupika, na mutu akiwasha kiberiti karibu nayo, harusi inageuka mazishi. Bidoni moja imekwenda. Ilibaki moja na siku mbili.

Nilitaka kumupiga na ule muchi. Nikakumbuka ile namba yake kwa udongo, nikaenda kuwapigia kuku kelele.

Mangaribi motari, wale wa taksi ya pikipiki, akasimama mbele ya nyumba, akatoa bahasha ya kaki, akasema inatoka kwa mademoazeli wa Bagira. Tatiana ni muganga kwa santé, zahanati moja kule. Si dokta, ni wale wanaopiga sindano. Gracien alikuwa amemupigia simu kumwambia yote imeharibika. Ndani ya bahasha kulikuwa mupira wa serumu, ule wa kumutundikia mugonjwa maji, mupya, ndani ya nailoni yake, haujafunguliwa, na kipande cha karatasi: Koko asimwambie papa. Niliisoma mara mbili. Mpaka pale nilikuwa ninafikiri huyo binti anatuangalia tu, kama baba yake anavyoangalia chupa. Kumbe naye alikuwa hapati usingizi.

Siku ya Ijumaa asubuhi niliosha mupira na maji ya moto, nikaingiza ncha moja ndani ya bidoni ya pili, chini kidogo ya uso wa kasiksi, nikaifunga na uzi kwa kijiti ili isishuke. Bidoni sikuigusa. Mulima wa Kadutu, ambao unatuletea matope ya watu wote wa juu, siku hiyo ulifanya kazi: bidoni tupu tuliiweka kwa ngazi ya chini, na kasiksi ikashuka yenyewe. Ule mupira uko na kigurudumu kidogo cha kupunguza. Nikapunguza. Tone, tone, tone. Kadiri kasiksi ilivyopungua nikashusha kijiti, kidogo kidogo. Nilikaa pale kwa kiti kutoka saa moja ya asubuhi mpaka jua linazama, kama mutu analinda mugonjwa.

"Koko, nani anaumwa?" majirani wakauliza wakipita.

"Kasiksi," nikawajibu. "Usiku ulikuwa mugumu, lakini sasa inaendelea vizuri."

Martine alileta telefone ili apige picha. Nikamwambia apige picha ya mbali, kutoka kwa Ariane.

Nilikomea vidole vine juu ya kile kizito cha chini. Nikaonja. Baridi, kavu, inauma pembeni ya ulimi, harufu ya mutama wa kukaanga inakuja nyuma yake. Nikaweka mukono wangu nyuma ya gilasi. Vidole tano, na ile alama ya kuungua niliyopata mwaka wa uhuru. Nilifunga bidoni na nikaficha funguo za chumba ndani ya nguo ambayo hakuna mutu atatafuta.

Kisha nikafungua ile bidoni iliyobaki ndani ya muchanga, nikatoa kile cha chini. Ni kama uji mweupe, muzito, na vipande vya mutama. Kwetu ile ya chini hatuitupi. Ni ya mwanamuke muzee kuliko wote wa nyumba, ndiyo nguvu yote ya pombe, na haitaki meno. Nyumbani kwetu huyo mwanamuke ni mimi. Niliikula yote na mukono, nimekaa kwa muchanga, nikalamba kiganja. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimestahili.

Posho tukaenda Bagira. Kawaida mupishi anabaki kwake, lakini nikasema nitaonja mimi mwenyewe mbele yao, na Emile hakubisha juu aliogopa ule muchi. Salon ya Anaclet, sebule yake, ilikuwa imejaa watu wake. Umeme ulikuwa umekatika. Nikafikiri, afadhali. Anaclet akatoa mufukoni tochi mupya, bado na bei yake.

Nikaonja. Nikangoja kidogo ili waone sikufa. Yeye akajaza gilasi yake nyeupe, akawasha tochi nyuma, akaweka mukono. Akaangalia. Akageuza gilasi. Akaangalia kutoka chini. Akavua miwani, akaipangusa na shati, akaivaa, akaangalia tena. Gracien alikuwa amefunga macho. Mimi nilimwangalia Anaclet usoni, na ninakuambia kweli, nilimuhurumia kidogo. Mutu aliyezoea kutafuta nzi, ukimunyima nzi hajui aweke macho wapi.

"Tano," akasema mwishowe. Akakunywa. Akafunga mudomo, akafungua. "Inauma vizuri. Inapita."

Emile akaanza kusimama ili aseme maneno aliyotayarisha. Hapo sauti ikatoka kwa pembe ya salon.

"Na yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimeona pale kiti na vitambaa juu yake, nikafikiri ni nguo za kupiga pasi. Kumbe ndani ya vitambaa kulikuwa mutu. Ilikuwa mama wa Anaclet, Maman Eulalie. Miaka makumi tisa, ao karibu, mudogo kama mutoto wa masomo ya kwanza, hana jino hata moja.

"Mama, unataka kunywa?" Anaclet akamuuliza.

"Ya kunywa ni yenu. Ninauliza yangu. Ya chini."

Nikaangalia kiganja changu, kile nilicholamba jana. Ya chini, wakati pombe ni ya kuomba binti, si ya muzee wa nyumba ya mupishi. Ni ya muzee wa nyumba ya binti. Kila mutu wa Bushi anajua. Mimi ninajua kuliko wote, nimewafundisha wengine. Wiki tatu nilipigania kutoa ile ya chini mpaka nikasahau mutu anaingoja.

"Imebaki Kadutu?" Emile akaninong'oneza.

"Imebaki Kadutu," nikamwambia. "Ndani yangu."

Maman Eulalie alikuwa amenyoosha mukono kuelekea bidoni. Wakamwinamishia, akachungulia na jicho moja.

"Hii haina chini," akasema. "Pombe bila chini ilinunuliwa, ao iliibiwa. Mujukuu wangu hatoki hapa na pombe bila chini. Muirudishe."

"Mama, iko safi kabisa," Anaclet akasema. "Mimi niliiangalia."

"Wewe unaangalia. Mimi ninakula. Muirudishe."

Na hiyo ingekuwa ya pili. Emile akaanza kutafuta mikono ya kushikana na kushukuru. Tatiana alikuwa amesimama kwa mulango wa jikoni na sahani, hasogei. Nikaona nikinyamaza, yule mutoto na yule binti watakwenda kila mutu kwake kwa sababu ya uji niliokula na mukono. Nikasimama, nikaenda mpaka kwa kile kiti, nikachuchumaa. Magoti yakalia, watu wote wakasikia.

"Maman Eulalie, ya chini ilikuwako. Niliikula mimi."

"Wewe ni nani?"

"Nyanya wa kijana. Mimi ndiye nilipika."

"Wewe, mutoto mudogo hivi?"

Niko na miaka makumi saba na moja. Nikameza.

"Uliikula yote?" akauliza.

"Yote."

"Na kijiko?"

"Na mukono."

"Mutama ulikaanga?"

"Mpaka karibu uungue."

"Ulisaga kwa mashine?"

"Kwa jiwe. Vipande vipande."

Akafunga macho. Mudomo wake ulikuwa unatafuna, bila kitu ndani. Kisha akanivuta sikio, akaniongelesha chini chini, lakini ni mutu asiyesikia vizuri, kwa hiyo salon yote ilisikia.

"Miaka tatu sijaionja. Huyu mutoto wangu anachuja kila kitu. Maharagi anachuja, ananipa maji yake. Uji anachuja. Mara moja alichuja mayai."

"Ilikuwa na ganda, Mama," Anaclet akasema.

"Nyamaza, tunazungumza."

Nikamwambia kuna njia. Kasiksi hii bado iko hai, wakiiacha mpaka kesho itatoa tena chini yake, kidogo.

"Kidogo ni ngapi?"

"Vijiko mbili."

"Hiyo ni ya kuku."

Akafikiri. Gracien alikuwa amefungua macho na ananiangalia mimi, si Tatiana. Niliogopa kuliko siku nilipojifungua baba yake.

"Utapika tena?" Maman Eulalie akauliza.

"Ninapika kila mwezi."

"Basi kila mwezi utaniletea ya chini. Wewe mwenyewe. Si kwa motari, si kwa huyu wa telefone." Martine alikuwa anapiga picha. "Uje nayo, ukae, nile ukiniona. Mpaka nife."

"Yote?" nikauliza. Neno lilitoka kabla sijalishika.

"Yote."

"Na Tatiana?"

"Muchukueni. Kila mara anasahau chumvi."

Emile akasema maneno yake yote, marefu, na makosa ndani yake, na hakuna mutu aliyemukatiza. Anaclet akajaza gilasi za watu, moja moja, akipitisha kila gilasi mbele ya tochi kabla ya kuitoa. Tatiana akaketi karibu na Gracien, akampa gilasi, na Gracien akamuangalia yeye tu mpaka akamwaga nusu kwa suruali. Watu wakaimba. Mimi nilibaki nimechuchumaa pale chini, juu magoti yalikataa kunyooka na hakuna mutu aliyekumbuka kuniinua.

Nikatumia nafasi kumuangalia Maman Eulalie kwa karibu. Meno hana. Lakini ngozi iko nzuri, pumzi haikwami, na ule mukono ulionishika sikio uko na nguvu ya mutu wa kulima. Nikahesabu miezi. Mungu anisamehe, nikahesabu tena.

Alikuwa ananiangalia pia.

"Ile ingine," akasema, "utaipika siku gani?"